Kiongozi na Kura ya Maoni: Apige Debe, Aweke Kiti Rehani, Akae Kando au Atafute Maridhiano Kwanza?

Mwanzoni mwa mwaka 2015, kwenye kijiwe kimoja cha kahawa Magomeni, nakala ya Katiba Inayopendekezwa ilikuwa ikipita mkono kwa mkono. Kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimekwisha kupata madoa ya kahawa na pembe zimejikunja, ilhali zile za katikati zilikuwa bado zimeshikana kama zilivyotoka mtamboni. Mzee mmoja, ambaye muda wote huo alikuwa akisikiliza tu, aliipokea, akaipima uzito kiganjani, kisha akaniuliza: "Mwanangu, siku hiyo tutaipigia kura karatasi hii, au tutampigia yule aliyetuletea?" Nilimjibu kwamba tutaipigia karatasi. Hakuridhika, na nilipokuwa nikirudi nyumbani hata mimi sikuridhika na jibu langu.

Siku yenyewe haikufika. Kura ilikuwa imepangwa tarehe 30 Aprili 2015, lakini tarehe 2 Aprili Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kuiahirisha kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa mfumo wa BVR, unaotumia alama za vidole, ulikuwa haujakamilika. Hata hivyo, mjadala wa Katiba mpya haujazimika jijini Dar es Salaam, na kila unapoamka, vikundi vya elimu ya uraia, madiwani, viongozi wa dini na waandishi wa habari hukutana na swali lilelile wanapoandaa maoni yao: wapendekeze kiongozi mkuu wa nchi awe na nafasi gani wakati wananchi wanapoamua jambo kwa kura ya moja kwa moja? Ieleweke kwamba sizungumzii zile kura za maoni za ndani ya vyama zinazotafuta wagombea, bali kura ya nchi nzima juu ya swali moja.

Ninaweka hapa njia nne ambazo viongozi wamezitumia katika nchi mbalimbali. Nimezipima zote kwa vigezo vilevile, na kila moja nimeeleza inamfaa nani.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni swali la yule mzee: je, njia hii inamwezesha mpiga kura kujibu alichoulizwa, au inamfanya atoe hukumu juu ya mtu? Cha pili ni mali ya umma, yaani fedha, magari, redio ya taifa, kumbi na watumishi, na iwapo njia hiyo inavielekeza vyote hivyo upande mmoja. Cha tatu ni hatima ya walioshindwa: kiongozi akishindwa anafanya nini, na wananchi walioshindwa wanabaki na imani gani kwa matokeo?

Cha nne ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, nacho ni kalamu. Kabla kampeni haijaanza, kuna mtu aliyeamua tarehe, akaandika swali, akachagua alama na akasimamia daftari la wapiga kura. Wengi wetu tunapofikiria ushawishi wa kiongozi tunaona jukwaa, kipaza sauti na fulana, ilhali ushawishi mkubwa zaidi huwa umekwisha kufanyika wakati jukwaa halijajengwa.

Mfano wa karibu ni wetu wenyewe. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni ya wananchi, na rasimu yake ya pili, iliyotolewa Desemba 2013, ilipendekeza muundo wa serikali tatu. Tarehe 21 Machi 2014 Rais Jakaya Kikwete, akilihutubia Bunge Maalumu la Katiba mjini Dodoma, alieleza kwa kirefu wasiwasi wake juu ya muundo huo, gharama zake na athari zake kwa Muungano. Mwezi uliofuata wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka ukumbini. Waliobaki waliendelea na kazi, na tarehe 2 Oktoba 2014 ikapitishwa Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili. Msomaji anaweza kuunga mkono serikali mbili au tatu, na Rais alikuwa na haki ya kusema alichoamini. Lakini tazama kilichotokea kwa mpiga kura. Jambo lililobishaniwa kuliko yote lilikuwa limekwisha kuondoka kwenye swali. Mkazi wa Mbagala angeulizwa ndiyo au hapana kwa kitabu kizima chenye ibara zaidi ya mia mbili. Asingeulizwa kama anataka serikali mbili au tatu.

Alama nazo zina uzito wake. Wazee wetu waliopiga kura enzi za chama kimoja wanaikumbuka habari ya jembe na nyumba, alama walizopewa wagombea ubunge, na minong'ono juu ya nani kapata jembe. Kwa jirani zetu wa Malawi, katika kura ya tarehe 14 Juni 1993 iliyouliza kama nchi ibaki na chama kimoja au iingie vyama vingi, upande wa chama kimoja uliwakilishwa na jogoo mweusi, ambaye alikuwa ndiye alama ya chama cha Rais Hastings Kamuzu Banda, na upande wa vyama vingi ukapewa taa ya chemli. Taa ilipata karibu theluthi mbili ya kura. Alama iliyozoeleka haikuuokoa upande wa Rais, ingawa ni dhahiri kwa nini chama chake kilitaka kuingia na jogoo wake.

Huko Scotland, serikali iliyokuwa ikitaka uhuru ilipendekeza swali linaloanza na maneno ya maana ya "Je, unakubali". Tume ya uchaguzi ya Uingereza ililijaribu swali hilo kwa wapiga kura, ikaona kwamba maneno hayo yanamvuta mtu kwenye ndiyo, ikashauri yaondolewe. Serikali ya Scotland ilikubali, na swali lililoulizwa Septemba 2014 liliuliza tu kama Scotland iwe nchi huru. Asilimia 55 walijibu hapana, na sijasikia upande wowote ukilia kwamba swali liliuonea.

Njia ya kwanza: kupiga debe waziwazi

Hii ndiyo njia iliyozoeleka. Kiongozi anachukua upande, anapanda jukwaani, anawataka mawaziri wake wafuate na anaomba kura kama anavyoziomba kwenye uchaguzi mkuu. Uzuri wake ni uwazi: mwananchi anajua serikali inasimama wapi, na baadaye anaweza kuiwajibisha kwa msimamo huo. Kiongozi aliyeahidi jambo kwenye ilani, akachaguliwa kwa ajili hiyo, atashangaza watu akinyamaza siku jambo hilo linapopigiwa kura.

Katika kigezo cha kwanza, njia hii huyumba. Kenya, tarehe 21 Novemba 2005, ilipiga kura juu ya rasimu iliyojulikana kwa jina la Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, ambayo ilikuwa imetofautiana na ile iliyotoka katika mkutano wa kitaifa wa katiba uliofanyika Bomas, hasa kwa habari ya madaraka ya rais na waziri mkuu. Rais Mwai Kibaki aliongoza upande wa Ndizi, yaani ndiyo. Raila Odinga na baadhi ya mawaziri wa serikali hiyohiyo wakaongoza upande wa Chungwa. Kufikia wiki za mwisho, ndizi na chungwa vilikuwa vimekuwa majina ya kambi, na wengi walikwenda kituoni kuamua kati ya watu wawili. Chungwa lilishinda kwa asilimia 58.

Katika mali ya umma, mfano huohuo unafundisha. Septemba 2005, kampeni zikiwa zimepamba moto, serikali ilitangaza kuishusha hadhi Hifadhi ya Taifa ya Amboseli na kuikabidhi kwa halmashauri ya eneo hilo, hatua ambayo wengi waliiona kuwa ni kuwabembeleza wapiga kura wa Kimasai. Uingereza nayo, mwaka 2016, serikali ya David Cameron ilitumia zaidi ya pauni milioni 9 za umma kuandaa na kusambaza kijarida kwa kaya zipatazo milioni 27, kikiwataka wananchi wabaki katika Umoja wa Ulaya. Sheria ya huko inaibana serikali isichapishe mambo ya namna hiyo katika siku 28 za mwisho. Kijarida kilisambazwa kabla ya siku hizo. Asilimia 51.9 walipiga kura ya kutoka.

Matokeo haya mawili yasimdanganye mtu kudhani kwamba kupiga debe hushindwa siku zote. Uganda, Juni 2000, Rais Yoweri Museveni aliunga mkono kuendelea na mfumo wa Movement, usioruhusu vyama kushindana, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walimfuata, huku vyama vya upinzani vikisusia. Julai 2005 aliunga mkono kurudi kwa vyama vingi, na zaidi ya asilimia 90 wakamfuata tena, ingawa waliojitokeza walikuwa chini ya nusu ya walioandikishwa. Kiongozi mmoja, majibu mawili yanayokinzana, miaka mitano kati yake, na ushindi wa namna moja. Mfano huu ndio unaonisumbua kuliko wa Kenya, kwa kuwa mahali ambapo upande wa pili haushiriki, kupiga debe kunageuka kuwa kuhesabu utiifu.

Kuhusu hatima ya walioshindwa, Kibaki alilivunja baraza lake la mawaziri siku mbili baada ya kura, na alipoliunda upya aliwaacha nje waliompinga. Kambi ya Chungwa ikawa chama, na uhasama huo uliingia moja kwa moja kwenye uchaguzi wa 2007.

Njia hii inamfaa kiongozi aliyetoka kuchaguliwa kwa ahadi ya jambo lenyewe, katika nchi ambayo tume ya uchaguzi haimwogopi na upande wa pili una nafasi halisi ya kusikika.

Njia ya pili: kuweka kiti rehani

Hapa kiongozi anaongeza neno moja: mkikataa, naondoka. Rais Charles de Gaulle aliwaambia Wafaransa hivyo mwaka 1969, katika kura iliyounganisha mageuzi ya Seneti na ya mikoa. Tarehe 27 Aprili asilimia 52.4 walikataa, na siku ya pili yake alijiuzulu. Matteo Renzi wa Italia alifanya vivyo hivyo Desemba 2016 juu ya mageuzi ya katiba. Karibu asilimia 59 walikataa, naye akaachia uwaziri mkuu.

Kwa kigezo cha kwanza, njia hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na sioni haja ya kurefusha maneno: mpinzani asiyejali mageuzi ya Seneti anapewa sababu ya kutoka nyumbani kwenda kupiga kura. Kwa kigezo cha tatu, kinyume chake, ndiyo safi kuliko zote, kwa kuwa bei ya kushindwa imetajwa mapema na kila mtu anajua nani atalipa.

Upo wakati ambapo inafaa kweli. Afrika Kusini, Machi 1992, Rais F. W. de Klerk alikuwa katikati ya mazungumzo ya kumaliza ubaguzi wa rangi, na chama chake kilikuwa kimetoka kushindwa katika uchaguzi mdogo uliowapa nguvu Wazungu waliopinga mazungumzo hayo. Aliitisha kura, akisema kwamba akishindwa atajiuzulu. Waliopiga kura walikuwa Wazungu peke yao, jambo ambalo halipaswi kusahauliwa na yeyote anayeusifu mfano huu, asilimia 68.7 walikubali. Alichokihitaji kilikuwa ni uthibitisho kwamba mazungumzo yataendelea na kwamba yeye ndiye wa kuyaendeleza, kwa hiyo jambo na mtu vilikuwa vimefungamana kwa asili, na rehani haikuongeza kitu cha kigeni kwenye swali.

Njia hii inamfaa kiongozi ambaye jambo linaloamuliwa haliwezi kuendelea bila yeye. Kwa kiongozi anayemalizia kipindi chake cha mwisho haina maana yoyote. Kura yetu ya Aprili 2015, kwa mfano, ingepigwa miezi sita kabla ya uchaguzi ambao Rais aliyekuwepo hakuwa na ruhusa ya kugombea, na kiti ambacho mwenyewe anakihama hakiwekeki rehani.

Njia ya tatu: kukaa kando

Kukaa kando kuna viwango, na wengi wanaoipendekeza njia hii hawavitofautishi. Kuna kiongozi kunyamaza kabisa, jambo ambalo ni nadra. Kuna kiongozi kusema msimamo wake lakini akawaacha wenzake huru. Na kuna kiongozi kuwa huru kusema atakacho, ila mkono wake ukafungwa usiguse fedha ya umma.

Cha pili kilifanywa na Harold Wilson wa Uingereza mwaka 1975, katika kura ya kubaki ndani ya Jumuiya ya Ulaya. Yeye aliunga mkono kubaki, lakini mawaziri saba wa baraza lake waliruhusiwa kupinga hadharani bila kupoteza kazi. Asilimia 67.2 walichagua kubaki, na serikali haikuvunjika. Hata hivyo, kila kaya ilipokea vijarida vitatu: kimoja cha upande wa ndiyo, kimoja cha upande wa hapana, na cha tatu cha serikali, ambacho nacho kilishauri ndiyo. Mtu akivihesabu ataona mizani ilikuwa imeegemea wapi.

Cha tatu ndicho cha Ireland, nami nakiri kwamba kinanivutia. Mwaka 1995 serikali ya huko ilitenga pauni za Ireland 500,000 kuhamasisha kura ya kuruhusu talaka. Mwanasiasa Patricia McKenna alikwenda mahakamani, na Mahakama ya Juu, wiki moja kabla ya kura, ikaamua kwamba serikali haina ruhusa ya kutumia fedha za walipakodi kuunga mkono upande mmoja. Mawaziri waliendelea kusema kwa vinywa vyao na kwa fedha za vyama vyao. Talaka ilipita kwa tofauti ya kura zipatazo 9,000 tu nchi nzima, na ushindi huo mwembamba ulipingwa mahakamani, lakini ulisimama. Baada ya hapo kiliundwa chombo huru cha kuwaeleza wananchi maana ya swali. Machi 2024 serikali pamoja na vyama vikubwa vya upinzani waliunga mkono mabadiliko mawili ya katiba, moja kuhusu familia na jingine kuhusu malezi, na wananchi wakayakataa yote mawili kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura. Hapo nadhani yule mzee wa Magomeni angepata jibu lake: karatasi ndiyo iliyopigiwa kura.

Tukiileta njia hii Dar es Salaam, kigezo cha mali ya umma kinataka uangalifu mkubwa. Rais wetu kwa desturi ndiye mwenyekiti wa chama tawala, na wakuu wa mikoa na wilaya ni wateule wake. Akinyamaza yeye, chini yake wapo wengi wanaodhani wanajua anachotaka. Mwaka huohuo wa 2015 nilikwenda katika ofisi moja ya mtaa jijini kuomba ukumbi kwa ajili ya mdahalo wa vijana juu ya Katiba Inayopendekezwa, pande zote mbili zikiwa na wasemaji. Nilipokewa kwa heshima, nikapewa kiti na maji, kisha nikaambiwa kwamba ukumbi upo ikiwa tunakuja kueleza uzuri wake, ila kama tunakuja kubishana turudi baada ya kura. Sidhani kama kulikuwa na waraka uliomwagiza mtendaji yule. Alisoma hali ya hewa. Tulikaa chini ya mwembe nyuma ya shule, na mvua ya vuli iliyokuwa imechelewa... la, ilikuwa ni ya masika ikianza mapema, ikatutawanya kabla msemaji wa pili hajamaliza.

Kwa hiyo kukaa kando kunaifaa nchi au swali ambalo watu wa chama kimoja wanaweza kutofautiana kwa dhamiri njema, na ambalo sheria imeandika wazi nani asiguse nini. Bila maandishi hayo, kimya cha aliye juu hakimzuii aliye chini.

Njia ya nne: maridhiano kwanza, kura baadaye

Katika njia hii viongozi wanaoshindana huketi, hukubaliana, kisha huwapelekea wananchi makubaliano yao wayaidhinishe. Mfano ulio jirani kuliko yote uko ng'ambo ya bahari. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume wa Zanzibar na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa chama cha upinzani cha CUF, walikutana na kuanza maridhiano, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakaulizwa kama wanaukubali muundo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Asilimia 66.4 walikubali. Waliokuwa wakiikumbuka Zanzibar ya chaguzi zilizotangulia, na wengi wao wana ndugu hapa Kariakoo na Ilala, walishangaa jinsi kampeni za mwaka ule zilivyokuwa tulivu. Zimbabwe inaonyesha tofauti ndani ya nchi moja: Februari 2000 Robert Mugabe alipeleka rasimu ya upande wake, karibu asilimia 55 wakaikataa, Machi 2013 yeye na mpinzani wake Morgan Tsvangirai walipeleka rasimu waliyokubaliana, karibu asilimia 95 wakaikubali.

Kwa kigezo cha kwanza, njia hii ina nguvu kwa sababu mpiga kura hawezi kuitumia kura kumwadhibu mkubwa mmoja wakati mwenzake naye yumo. Kwa kigezo cha mali ya umma ina hatari isiyoonekana haraka: wakubwa wote wakiwa upande mmoja, nani atamsemea anayesema hapana? Asilimia 33.6 ya Zanzibar ni watu wengi, na hawakuwa na mkubwa wa kuwaongoza. Kwa kigezo cha tatu, maridhiano huishi kadiri wenyewe wanavyoyatunza. Baada ya uchaguzi wa Zanzibar wa 2015 kufutwa na ule wa marudio wa 2016 kususiwa na CUF, serikali ile ya pamoja ilikoma, ikarudi Desemba 2020.

Na kwa kigezo cha kalamu, Kenya ina funzo jingine. Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mkono Machi 2018, na katika kupeana mkono huko kukazaliwa mpango wa BBI (Building Bridges Initiative, yaani kujenga madaraja) wa kubadilisha katiba. Haukufika kwa wapiga kura. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia ambayo katiba imewawekea wananchi wa kawaida. Colombia nayo ilionyesha kwamba ni lazima kuangalia nani ameketi mezani: Rais Juan Manuel Santos alikubaliana na waasi wa FARC, lakini mtangulizi wake Álvaro Uribe alibaki nje akiongoza upinzani, na Oktoba 2016 asilimia 50.2 wakasema hapana.

Njia hii inaifaa nchi iliyogawanyika karibu sawa kwa sawa, ambayo upande mmoja ukishinda peke yake utakuwa umeshinda nusu ya nchi tu.

Uchague vipi, kulingana na hali

Ikiwa swali ni katiba nzima, na hasa ikiwa linagusa muundo wa Muungano, ningeanzia kwenye maridhiano, kwa sababu ya hesabu tu. Sheria ya mchakato wetu ilitaka zaidi ya nusu ya kura halali za Tanzania Bara na zaidi ya nusu za Zanzibar, kila upande peke yake. Kiongozi anayepiga debe kwa kishindo Bara anaweza kusikika Unguja na Pemba kama anayeshinikiza, na kura ikaangukia huko. Maridhiano hayo yawe na wote waliotoka ukumbini, si waliobaki tu.

Ikiwa jambo liliandikwa kwenye ilani na kiongozi amechaguliwa nalo hivi karibuni, mwache apige debe, lakini pendekezeni fedha ziwe za chama, na serikali ifungwe mikono katika wiki za mwisho. Siku 28 za Uingereza zilionekana chache. Kwa nchi yenye vijiji visivyofikika wakati wa mvua, kipindi kizima cha kampeni ndicho kinachofaa.

Ikiwa swali ni la dhamiri, kama ndoa au adhabu ya kifo, ambalo waumini wa msikiti mmoja au kanisa moja wanaweza kutofautiana, kukaa kando kwa namna ya Ireland kunafaa zaidi, mawaziri wakiwa huru kama wale wa Wilson. Kiongozi wa dini anayesoma makala haya ana haki ya kufundisha waumini wake msimamo wake. Ninachomwomba ni kwamba asikubali kupewa gari la serikali kwenda kuufundisha.

Kuweka kiti rehani sitakipendekeza kwa swali lolote ninaloliona mbele yetu sasa, ila siwezi kukifuta, kwa sababu siku inaweza kuja ambapo kiongozi wetu atakuwa katikati ya jambo kama lile la de Klerk na akahitaji kujua kama bado yuko na watu.

Mwandishi wa habari mwenye nafasi ya kufuatilia jambo moja tu na aifuatilie kalamu: swali liliandikwa na nani, lilijaribiwa kwa nani, tarehe ilichaguliwa kwa sababu gani, na daftari limefikia wapi. Na kikundi cha mtaani chenye nafasi ya kupeleka pendekezo moja tu kwa watakaoandika kanuni za kura hiyo, kiombe ukumbi wa kata ufunguliwe kwa pande zote mbili kwa masharti yaleyale na saa zilezile, na mtendaji anayekataa maombi atoe sababu zake kwa maandishi, kwa sahihi yake, siku hiyohiyo.